Kujenga Pamoja Bila Kuumaliza Msitu

Mada kwa wajumbe wa kamati za haki na amani, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kibondo na Kasulu



Waheshimiwa mapadre na watawa, ndugu makatekista, wenyeviti wa jumuiya, akina mama na akina baba, nanyi vijana mliokuja kusikiliza: nimeombwa niseme nanyi juu ya nyumba. Huenda baadhi yenu wakashangaa. Kamati zetu zimezoea kushughulikia mirathi ya wajane, rushwa, uchaguzi, na magomvi ya wakulima na wafugaji. Nyumba huonekana kuwa kazi ya fundi na mwenye nyumba.

Lakini tutazame nyumba inajengwa kwa nini. Miti ya paa, nyasi za kuezekea, udongo wa matofali, kuni za kupikia na maji ya kunywa hutoka katika ardhi ambayo jirani naye anaitegemea. Hata maji ya mvua yanayotoka katika paa langu hayakomi kwenye mpaka wangu; huteremka hadi shambani kwa mwingine. Kwa hiyo namna tunavyojenga ni namna ya kugawana. Na penye kugawana ndipo penye haki au dhuluma.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba mpya anaamriwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Katika sura ya 20 ya kitabu hicho hicho, hata jeshi lililouzingira mji linakatazwa kuikata miti ya matunda. Mungu hakuona kuwa ukuta wa dari na shina la mti ni mambo madogo mno kwa sheria yake.

1. Tulivyokusanywa

Wazee wetu wa Buha walijenga kwa kutawanyika. Kila kaya ilikaa juu ya kilima chake, nyumba katikati, migomba ikiizunguka, mashamba na malisho yakiteremka kuelekea bondeni. Samadi na takataka za nyumbani zilirutubisha migomba. Sisemi kwamba maisha hayo yalikuwa mepesi. Shule ilikuwa mbali, na mgonjwa alibebwa kwa machela mwendo wa siku nzima. Lakini ardhi ilipumzika, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa umeenea.

Kisha tulikusanywa mara mbili. Mara ya kwanza ni Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, ambapo watu walihamishwa kutoka vilimani na kuwekwa katika vijiji kando ya barabara. Mwezi Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Mwalimu Nyerere alikuwa na nia iliyo wazi: watu wakikaa pamoja wataweza kupata shule, zahanati na maji. Tukisema kweli, shule nyingi ambamo tulijifunza kusoma zilitokana na nia hiyo. Hata hivyo, katika haraka ya kuhamisha, viwanja vingi vilipimwa kwa mstari ulionyooka pasipo kuutazama mteremko, na mara nyingi mwanamke ambaye angeteka maji hakuulizwa nyumba yake ielekee wapi. Mashamba ya karibu yalilimwa mwaka hadi mwaka mpaka yakachoka. Nyuma yetu vilimani yakabaki mahame.

Mara ya pili ni makambi ya wakimbizi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa huko Burundi mwezi Oktoba 1993, ndugu zetu walivuka mpaka kwa wingi kuingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996, vita vilipoanza katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yalileta watu wengine, na Nyarugusu, iliyokuwa na Wakongo wapatao 60,000, ikapita watu 150,000 kabla ya mwaka kwisha. Ndipo Nduta ya Kibondo ilipofunguliwa tena mwezi Oktoba 2015, na Mtendeli ya Kakonko mwezi Januari 2016. Kambi hufunguliwa na kufungwa: Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na Mtendeli mwaka 2021. Lakini korongo lililochimbwa na maji katika barabara ya kambi halifungwi kwa tangazo. Linabaki kwa mwenyeji.

Katika mara zote mbili, waliopanga makazi hawakuwa wale ambao wangelala humo. Naomba tulishike jambo hili, maana ndilo kiini cha mada yangu.

2. Makazi yaliyopangwa na wakazi

Mwaka ule ule wa 1972, mbali sana na hapa, familia 27 nchini Denmark zilihamia katika makazi yaitwayo Sættedammen, karibu na mji wa Hillerød. Kila familia ilikuwa na nyumba yake, mlango wake na jiko lake. Pamoja na hayo walijenga nyumba moja ya wote, ambamo wangeweza kupika na kula pamoja na watoto wao wangeweza kucheza. Kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, wenyewe walikaa vikao, wakabishana na kukubaliana. Mtindo huo umeenea katika nchi nyingi, na siku hizi wengi wanaoufuata wanautazama kama njia ya kutunza mazingira, kwa sababu watu wanaoshirikiana vifaa huhitaji vichache.

Siwaletei mfano wa Denmark ili tujione maskini. Wale ni watu wenye mishahara na benki. Ninauleta kwa sababu ya mambo mawili.

La kwanza, hawakuchanganya kila kitu. Sisi tuliojaribu shamba la ujamaa tunajua lilivyoota magugu wakati mashamba ya watu binafsi yamepaliliwa. Mali ya wote isiyo na mlinzi huwa mali ya asiye na haya. Wale walichagua vitu vichache tu vya kushirikiana, na kila kimoja wakakipangia zamu.

La pili, walipanga kwanza, wakajenga baadaye. Yesu mwenyewe, katika Injili ya Luka, anamsema mtu aliyeanza kujenga mnara bila kuketi na kuhesabu gharama. Katika makazi ya pamoja gharama si fedha tu. Kuni ni gharama, maji ni gharama, na miguu ya mama ni gharama.

3. Kuni na usalama wa wanawake

Tuanze na kuni, kwa kuwa hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Miji mikubwa ya nyasi na matofali iliota katikati ya misitu ya miyombo, na kila nyumba ikawasha moto. Kwa utaratibu uliowekwa, mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Kuni za karibu zilipokwisha, mwanamke alibaki na mambo mawili: avunje sheria au watoto walale njaa. Aliyekwenda porini alihatarisha mwili wake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 taarifa za makambi haya zimeeleza tena na tena juu ya wanawake na wasichana walioshambuliwa na kubakwa walipokuwa wakitafuta kuni. Na mwanakijiji aliyekuta mti wake umekatwa naye alikuwa na uchungu wa haki.

Haki inatudai kusema kweli nzima. Mkimbizi hakuumaliza msitu peke yake. Sisi wenyeji tunachoma mkaa kwa ajili ya miji, tunakausha tumbaku kwa moto, tunachoma matofali, na tunafyeka mashamba mapya. Si haki kumbebesha mgeni dhambi yote kwa kuwa hana wa kumtetea mkutanoni.

Ufundi gani utasaidia? Mafiga matatu yaliyo wazi hupoteza sehemu kubwa ya joto. Jiko banifu la udongo, lenye mlango mmoja na chungu kilichokaa vizuri ndani yake, huokoa kuni nyingi, na mama anaweza kulifinyanga mwenyewe kwa udongo wa kichuguu. Kuni ziwe kavu na zipasuliwe nyembamba. Chungu kifunikwe. Maharage yalowekwe usiku kucha, kwani maharage makavu ndiyo yanayokula kuni kuliko chakula kingine tunachopika.

Na hapa makazi ya pamoja yanaweza kufanya jambo ambalo nyumba moja haiwezi. Nyumba 10 zinazopika maharage huwasha moto mara 10 kwa saa nyingi. Nyumba hizo zikikubaliana kuchemsha maharage katika chungu kimoja kikubwa, kwa zamu, na kila mama akachukua sehemu yake akaunge nyumbani kwake kwa mawese na chumvi apendavyo, kuni zitapungua sana. Ugali kila mtu apike kwake. Hivyo hakuna anayenyang'anywa jiko lake, na mjane mzee asiyeweza kwenda porini anapata maharage yaliyoiva.

Katika Nyarugusu baadhi ya kaya zilipewa majiko ya gesi kwa majaribio. Ni jambo jema. Lakini gesi hununuliwa, na mfadhili anaweza kuondoka. Jiko la udongo na makubaliano ya majirani hubaki.

4. Udongo, matofali na miti

Tofali la kuchoma limekuwa alama ya maendeleo. Anayejenga kwa tofali jekundu huheshimiwa. Lakini tanuru moja huteketeza magogo mengi, na mara nyingi ni magogo ambayo mwenye nyumba hakuyapanda. Tuulize basi: je, kila ukuta unahitaji tofali la kuchoma?

Tofali bichi lililokaushwa kivulini ni imara likilindwa na maji. Adui zake ni mvua inayopiga ukuta na maji yanayopanda kutoka chini. Kwa hiyo msingi uwe wa mawe, uinuke juu ya ardhi walau kimo cha goti. Upenu wa paa utokeze mbele ya ukuta. Na lipu ya udongo irudiwe kila kiangazi. Wenye uwezo kidogo wanaweza kutumia matofali ya kufungamana, ambayo hushindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, bila moto wowote. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamekuwa wakiyafundisha. Mashine moja inatosha kwa kijiji kizima. Hicho ni kifaa kinachofaa kumilikiwa kwa pamoja na kuwekwa chini ya mlinzi anayejulikana kwa jina.

Mahali pa kuchimba udongo nako kupangwe. Kila nyumba ikichimba shimo lake mlangoni, mashimo hujaa maji, mbu huzaliana, na mtoto anaweza kuzama. Afadhali shimo moja lililochaguliwa na wote, ambalo baadaye litageuzwa kuwa bwawa la samaki, au kujazwa takataka za shamba na kupandwa migomba.

Na kabla ya kupima viwanja, miti itakayobaki itiwe alama. Mninga uliosimama kati ya nyumba mbili hutoa kivuli na hushika udongo. Tusisahau pia kwamba visiki vya miyombo huchipua tena vikikingwa na moto wa nyika na jembe. Wakati mwingine upandaji miti ulio bora ni kukiacha kisiki kiishi.

5. Maji na mteremko

Nchi yetu ni ya milima, na kwa kawaida mvua ya mwaka hupita milimita 1,000. Barabara inayonyooka kutoka kilimani hadi bondeni ni mfereji unaosubiri mvua. Njia za makazi na mistari ya nyumba zikate mteremko kwa kufuata kontua, na maji yaelekezwe kwenye nyasi au migomba mara kwa mara kabla hayajapata nguvu.

Tufanye hesabu ndogo. Paa la bati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 lina mita za mraba 40. Milimita 1,000 za mvua juu ya paa hilo ni lita 40,000. Tuseme zinazopatikana ni lita 30,000. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, inahitaji lita 120. Maji hayo yangewatosha siku 250. Ni kweli kwamba hakuna mkulima mwenye tangi la kuyahifadhi yote. Lakini nyumba 4 au 5 zilizojengwa kuzunguka uwanja mmoja, mapaa yakimiminia tangi moja la saruji, zinaweza kujipatia maji ya kunywa wakati wa masika bila mtoto kwenda mtoni. Nyumba zilizopangwa kwa mstari mrefu kando ya barabara haziwezi kushirikiana hivyo kwa urahisi. Mnaona jinsi ramani inavyoweza kuwaunganisha watu au kuwatenga.

Wataalamu wa makambi wanavyo vipimo vinavyotufaa hata vijijini. Kila mtu atengewe mita za mraba 45 za eneo, zikihesabiwa njia, vyoo, shule na bustani. Kwa watu 6 ni sawa na mita 15 kwa 18. Ndani ya nyumba, kila mtu apate walau mita za mraba 3.5 zilizoezekwa. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Katikati ya makundi ya nyumba, kila baada ya mita 300, uachwe uwazi wa mita 30 ili moto usiruke. Uwazi huo unaweza kuwa bustani ya mboga.

6. Nani aamue?

Tumerudi kwenye kiini. Vipimo hivi vyote vinaweza kuletwa na mtaalamu mwenye nia njema, na bado makazi yakaharibika, ikiwa watakaokaa humo hawakuamua. Jiko lisilotakiwa hubomolewa. Tangi lisilo la mtu hupasuka.

Kwa upande wa vijiji, sheria iko pamoja nasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya pamoja ya kijiji, na inaupa mkutano mkuu wa kijiji kauli juu yake. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakiwezesha kijiji kuandaa mpango wake wa matumizi. Msitu wa kuni, eneo la makazi, chanzo cha maji na malisho vyote vinaweza kuwekwa kwenye ramani kwa kura ya wanakijiji. Wengi wetu huenda mkutanoni pale tu chakula cha msaada kinapogawiwa. Kamati ya haki na amani iwafundishe watu kwenda pia siku ramani inapojadiliwa, na wanawake waketi mbele.

Kwa upande wa wakimbizi, hawana kura katika mkutano wa kijiji, na mara nyingi hawana hakika ya kesho. Lakini anayeishi mahali miaka 2 au 20 anastahili kuulizwa kisima kiwe wapi na taa iwekwe wapi. Torati inawakumbusha Waisraeli mara nyingi kwamba wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Na katika Walawi, sura ya 25, Mungu anasema kwamba ardhi ni yake, na sisi sote ni wageni na wapitaji mbele yake. Mwenyeji akilikumbuka hilo, atakaa na mgeni kwenye benchi moja kuzungumzia msitu, kabla hawajakutana msituni wakiwa na mapanga.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya tarehe 1 Januari 1990, alifundisha kwamba amani ya dunia inatishwa pia na kutoheshimu viumbe vya Mungu. Mwaka 2015 hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si', alisisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikika pamoja. Hapa Kibondo na Kasulu kilio hicho tunakisikia kwa mama yule yule: ardhi yake imechoka, na mgongo wake umechoka.

7. Tuanze wapi?

Sipendekezi tubomoe vijiji na kujenga upya. Napendekeza mambo matatu ambayo jumuiya yoyote inaweza kuyaanza kabla ya mvua zijazo. Kwanza, jumuiya itembee pamoja katika eneo lake, wanaume kwa wanawake, ikitazama maji yanakopita, kuni zinakotoka na visiki vilivyo hai, kisha ichore ramani hata kama ni juu ya mchanga. Pili, ichague kitu kimoja tu cha kushirikiana, kiwe chungu cha maharage, tangi au mashine ya matofali, na imtaje mlinzi wake. Tatu, palipo na kambi jirani, kamati iombe kwa wakuu wa pande zote kikao cha wenyeji na wageni juu ya kuni, na hoja ya kwanza iwe usalama wa wanawake.

Nehemia alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, watu wengi walijenga sehemu iliyokuwa mbele ya nyumba zao. Kila mmoja aliona kazi yake, na ukuta ulikuwa mmoja. Mungu atujalie sisi nasi kujenga namna hiyo. 

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Kuni za jumuiya yetu hutoka wapi, nani huzibeba, naye hutembea muda gani?
2. Ni nani aliyeamua nyumba zetu zikae zilipo? Kama tungeulizwa sisi, tungebadili nini?
3. Tunashirikiana kitu gani kwa sasa? Mlinzi wake ni nani? Kilichoharibika, kiliharibika kwa nini?
4. Tumewahi kuwalaumu wageni kwa uharibifu ambao sisi pia tuliufanya? Tufanye nini ili kurekebisha?